Mnataka njia ndefu ya miguu na baiskeli huku Mtwara na Lindi? Anzeni na wenye mikorosho

Swali la kwanza mtakaloulizwa kijijini halitakuwa njia ina kilomita ngapi wala watapita watalii wangapi. Mtaulizwa "hiyo njia inapita shamba la nani?" na kama hamna jibu pale pale mmekaa kwenye benchi chini ya mwembe, basi kikao kimeisha, hata kama mtaendelea kuongea saa nzima na watu wanawaitikia kwa adabu.

Naandika hivi kwa sababu saivi naona vijana wengi wa Mtwara mjini, Lindi, Masasi, mpaka Newala, wana wazo la njia ya kutembea na kuendesha baiskeli ya siku kadhaa, na wazo lenyewe nalipenda kutoka moyoni. Mwingine anataka ya pwani, utoke Mikindani upite upande wa Sudi uende mpaka Kitunda uvuke kwa kivuko uingie Lindi mjini. Mwingine anataka ifuate reli ya zamani ya karanga kwenda Nachingwea na Masasi. Zote nzuri. Tatizo ni kwamba tunaanzia kwenye simu, tunachora mstari mwekundu, tunatengeneza nembo, tunapiga tisheti, alafu mwenye kijiji ndo anakuwa wa mwisho kujua. Sisi grupu letu la baiskeli tulifanya hivo hivo na mwaka mzima ukapotea. Tulivyoanza upya tulianza na kipande cha kilomita 18 tu, na hicho mpaka leo kipo na kinapitika. Haya ndo tuliyojifunza, kwa mpangilio ambao ningeufuata kama ningeanza kesho.

1. Tembeeni kwanza, ramani baadae

Msifungue njia mpya porini. Njia zipo tayari, watu wanazipita kila siku kwenda kisimani, shuleni, zahanati, shambani, kwenye mnada. Kazi yenu ni kuziunganisha na kuona wapi zinakatika. Kwahiyo chukueni siku tatu nne mtembee na mtu wa hapo hapo, kila kitongoji mtu wake, na mumlipe siku yake kama kibarua kingine chochote kwa sababu ameacha shamba kuwafata nyinyi.

Kabla ya kukanyaga njia yoyote pigeni hodi kwa mwenyekiti wa kitongoji. Sio wa kijiji, wa kitongoji, ndo anayejua nani kalala wapi. Mtu mgeni anayetembea mashambani na simu mkononi anapiga picha huku kwetu anaonekana mpima ardhi, na mpima ardhi maana yake shamba linaenda. Ukishapewa jina hilo linafika kijiji cha tatu kabla yako.

Mkitembea andikeni majina ya sehemu vile wenyeji wanavyoyataja, kila korongo lina jina, kila mti mkubwa una jina, na hayo ndo yatakuja kukaa kwenye vibao. Rekodini kwa simu, ramani ya OpenStreetMap inafanya kazi bila bando ukishaipakua na mnaweza kuongeza njia zenu humo bure. Ulizeni maji yako wapi mwezi wa 9, maana mwezi wa 3 maji yapo kila mahali hayo hayahesabiki. Na rudini kutembea tena kwenye masika, kuna kipande chetu mwezi wa 8 kilikuwa kama uwanja wa mpira, mwezi wa 2 tukakuta kijito cha maji ya kiunoni.

Kingine ni mchanga. Pwani yetu na hata juu kwenye uwanda wa Wamakonde kuna vipande vya mchanga ambavyo mtu wa miguu anapita vizuri tu ila baiskeli unaishia kuisukuma. Kwa jua letu mtembeaji wa kawaida mpangieni kilomita 15 mpaka 20 kwa siku, wa baiskeli 40 hivi kama njia ni ngumu chini, kwenye mchanga punguzeni nusu. Hizi namba zina kazi kwa sababu ndo zinaamua mtu atalala kijiji gani, na kijiji atakacholala ndo kijiji mtakachokihitaji zaidi.

Alafu ulizeni wapi hapapitiki. Ulizeni kumbi iko wapi, yaani vijana wa jando wanapowekwa wakati wa likizo. Ulizeni makaburi, ulizeni miti ya tambiko. Mtu hatawaambia mwenyewe mpaka mumuulize, na mkiuliza mapema mnaheshimika, mkipita bila kuuliza hakuna kikao kitakachowasaidia.

2. Jueni watu wameshaahidiwa nini kabla yenu

Wazee wa huku wameona mengi. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango wa karanga, Nachingwea ikawa sehemu mojawapo, ikajengwa bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea, baadae na tawi la Masasi. Mpango wenyewe ulikufa 1951, reli ikaendelea kidogo mpaka mwanzoni mwa miaka ya 60 ikafungwa na vyuma vikang'olewa. Leo tuta la reli sehemu zingine limekuwa barabara na sehemu zingine limekuwa shamba la mtu. Alafu kwenye gesi, ile ya bomba la kwenda Dar es Salaam, wote tunakumbuka vurugu za 2013 hapa Mtwara, watu waliona kitu kimetoka kwao kinaenda mbali. Mimi siingii kwenye nani alikuwa sahihi, nachosema ni kwamba ukisimama mbele ya watu hawa ukasema "mradi huu utaleta ajira na watalii", wanakusikia vizuri sana, wameshayasikia hayo maneno.

Kwahiyo msiahidi. Semeni mnachoomba, semeni mtakachofanya nyinyi wenyewe kwa mikono yenu, semeni na gharama yake kwa mwenye shamba. Tulipobadilisha lugha tukasema "tunaomba kupita, tutafyeka sisi pamoja na nyie, njia yenyewe watoto wataitumia kwenda shule, na kama mgeni akija akanunua chai basi, asipokuja hamna tulichopoteza", watu wakaanza kuuliza maswali ya kweli. Maswali ya kweli ndo dalili nzuri. Wakikubali haraka bila swali rudini nyumbani mkafikirie upya.

3. Nani wa kumuona, na nani kwanza

Ukishatoka kwa mwenyekiti wa kitongoji nenda kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, siku moja wote wawili, asije mmoja akasikia kwa mwenzake. Baada ya hapo kabla ya kikao chochote zungukeni kwa watu hawa mmoja mmoja majumbani kwao: wazee wawili watatu wanaosikilizwa, imamu wa msikiti, na kama ni upande wa Ndanda na Masasi basi padri au mchungaji na katekista, mwalimu mkuu, viongozi wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), kina mama wa VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa), fundi baiskeli, na vijana wa bodaboda.

Bodaboda msiwaruke. Sisi tuliwaruka, na wao ndo waliosambaza kwamba njia inakuja kuwanyang'anya abiria. Tulipokaa nao tukaelewana kwamba wao ndo watabeba mizigo ya wageni kutoka kituo hadi kituo na ndo watakaopigiwa simu mtu akiumia njiani, namba zao zikaandikwa kwenye kibao, na toka siku hiyo hakuna kibao kilichong'olewa. Fundi baiskeli nae ivo ivo, mwenye tyubu, gundi na pampu kila baada ya kilomita 15 ana thamani kuliko hoteli. Mtu akipata pancha saa saba mchana pasipo na kivuli ndo utaelewa nachosema.

Na kina mama. Kwenye mkutano mkuu watakaa nyuma na wengi hawatanyanyua mkono, ila wao ndo wanapita hizo njia na ndoo kichwani alfajiri. Waoneni wenyewe, siku ya kikao chao cha hisa cha VICOBA, aende dada kutoka kwenu sio kaka watano. Kwetu walisema kitu ambacho hakuna mwanaume alikitaja, kwamba pana kona moja yenye kichaka wanaiogopa, wanazunguka mbali kila asubuhi. Tuliifyeka hiyo kwanza kabla ya kazi nyingine yoyote. Yani kazi ya masaa matatu, na ilitusaidia kuliko vikao vyote sita vilivyotangulia.

Jingine, Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua wote kiasili wanahesabu ukoo upande wa mama. Siku hizi mambo yamechanganyika, ila bado unaweza kukuta shamba analilima baba na amekubali vizuri tu, kumbe neno lipo kwa mjomba wa watoto au kwa dada mkubwa. Ulizeni kwa heshima "na nani mwingine tumuone?" Swali dogo hilo.

4. Mkorosho

Hapa nitakaa sana kwa sababu hapa ndo njia zinakufa.

Kulikuwa na mzee mmoja, shamba lake lipo sehemu ambayo tulitaka njia inyooke. Tulimfuata mwezi wa 10, tukampigia hodi shambani, shikamoo mzee, marahaba, karibuni. Nikaanza kumweleza. Nimesimama chini ya mkorosho mkubwa, kivuli kizuri, naongea. Akanisikiliza mpaka nikamaliza alafu akasema taratibu, "inua mguu mwanangu". Nikainua. Chini ya ndala yangu kulikuwa na korosho tatu zimezama kwenye mchanga, moja na bibo lake, lile tunda lake, limepasuka. Akainama akaziokota, akazifuta kwa vidole, akaliondoa lile bibo kwa kulinyonga, akazitia kwenye kapu. Hakugomba. Akasema "watu kumi kwa siku, miezi mitatu". Basi.

Mtu wa nje haelewi kwamba korosho haichumwi juu kama embe. Inaiva, inadondoka na bibo lake, unaiokota chini. Ndo maana mkulima anapalilia na kufagia chini ya mkorosho mpaka panakuwa peupe, ile sakafu ya mchanga ni ghala lake. Ukipitisha njia hapo umepitisha watu ghalani. Na msimu huo huo kuna wizi na kuna kangomba, wale wanaonunua kwa wakulima kwa siri nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ule wa kuuza kupitia ghala na mnada, kwahiyo mtu yeyote asiyejulikana anayekatiza chini ya mikorosho na begi mgongoni ana maelezo ya kutoa. Mgeni anaweza kuumizwa kweli, sio mambo ya kuchukulia poa.

Tulivyokubaliana na yule mzee na wenzake wanane wa upande ule ni hivi, na nawashauri muanzie hapa kisha mrekebishe kwa hali yenu:

Njia haipiti ndani ya shamba, inapita mpakani. Kwao mpaka ni mstari wa minanasi, kila upande ukatoa kama hatua moja, hakuna anayesema amemegewa peke yake. Inapinda pinda kweli, haijanyooka kama tulivyoichora, lakini hakuna mtembeaji aliyewahi kulalamika kwamba njia imepinda.

Kuanzia mwezi wa 9 mpaka mwisho wa mwezi wa 12 kipande cha mikorosho kinafungwa. Kabisa. Watembeaji na baiskeli wanazungushwa barabara ya magari, ni kilomita 4 zaidi, na kibao kinasema hivo kwa maandishi makubwa. Mvua zikiwahi au korosho zikichelewa kuisha mwenyekiti wa kitongoji ndo anafungua, sio sisi.

Njia inafyekwa na kupaliliwa kabla ya mwezi wa 8. Hili walilitaka wao na ndo lililowaleta upande wetu. Kiangazi mioto inatembea sana huku, mtu anasafisha shamba au anawinda panya anawasha moto unamshinda, na mkorosho uliozungukwa na majani makavu unaungua mti mzima. Njia ya upana wa mita moja na nusu iliyopaliliwa mpaka kwenye udongo, inayopita mpakani mwa mashamba tisa, ni kinga moto. Walikuwa wanaihitaji siku zote ila hakuna aliyekuwa tayari kuipalilia peke yake kwa faida ya jirani. Nendeni na hoja hii kabla ya hoja ya utalii, kabla ya hoja ya afya, kabla ya zote.

Na la mwisho, salfa, ile dawa ya mikorosho. Miezi ya 6 mpaka ya 8 wakulima wanapulizia alfajiri wakati upepo umetulia, ile unga unga inachoma macho vibaya. Mtembeaji akisikia mashine inanguruma mbele asimame asubiri mpaka aitwe. Tumeandika kwenye kibao na tunamwambia kila anayeanza safari.

5. Mkutano mkuu wa kijiji

Mkishakubaliana na wenye mashamba ndo mnaenda kwenye serikali ya kijiji na kutoka hapo kwenye mkutano mkuu. Wengi wanageuza, wanaanza na mkutano mkuu, alafu mwenye shamba anasikia jina lake likisomwa mbele ya watu mia mbili, na hapo hata kama angekubali atakataa, na ana haki.

Kwa sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999 ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na mkutano mkuu ni wakazi wote kuanzia miaka 18. Unatakiwa uitishwe kila miezi mitatu, kwahiyo msiombe mkutano wenu maalum, ombeni dakika 20 kwenye ule wa kawaida. Ongeeni kifupi. Aongee mwenye shamba mmoja aliyekubali, nyinyi mjibu maswali. Kama mtu anataka kusema kwa Kimakonde au Kimwera asemee hicho hicho, mtafsiriwe nyinyi.

Hakikisheni kwenye muhtasari yameandikwa mambo haya wazi: kwamba mwenye shamba anabaki na shamba lake, kinachotolewa ni ruhusa ya kupita tu, kwamba ruhusa inaweza kuondolewa, miezi ya kufungwa, na nani anafyeka. Majina, saini au dole gumba, muhuri. Nakala moja ofisi ya kijiji, moja kwa mtendaji wa kata, moja kwenu. Watu wanaweza kuona hiyo ya ruhusa kuondolewa ni hatari kwa njia, mimi naona kinyume chake, mtu anayejua anaweza kukataa kesho ndo anayekubali leo bila wasiwasi.

Kuhusu tarehe, kuna kalenda ya kufuata. Msimu wa korosho hakuna mtu, wote wako shambani au kwenye AMCOS wanafatilia mnada. Ramadhani msiitishe kikao mchana, na wala msipange safari ya watu watakaokula hadharani njiani. Ijumaa mchana hapana, Jumapili asubuhi upande wa Masasi hapana. Mwaka wa uchaguzi wa serikali za mitaa ndo kabisa acheni, kila mtu atasema njia ni ya mgombea fulani. Ulikuwa 2024, viongozi wa vijiji wanakaa miaka mitano, hesabuni wenyewe.

Na posho. Mtaombwa posho ya kikao. Sisi tulikataa kwa upole toka siku ya kwanza, tukasema chai na mihogo ya kuchemsha ipo kwa kila mtu, bahasha haipo kwa mtu yeyote, mwenyekiti akiwemo. Kuna waliokasirika. Ila ukishalipa mara moja utalipa kila mara, na siku hela ikiisha njia nayo imeisha.

6. Siku ya kufyeka

Chagueni siku moja tu, kijiji kizima kialikwe, muanze saa kumi na mbili asubuhi mmalize saa nne kabla jua halijakaa kichwani. Mapanga, mafyekeo, majembe, reki. Kina mama waliojitolea kupika walipiwe vifaa vyote, mchele, maharage, mafuta, kuni, na kwetu mtu mmoja alileta ndoo ya ming'oko ikaisha kabla ya wali.

Upana mita moja na nusu inatosha, sehemu ambazo baiskeli zitapishana iwe mita mbili. Kwa juu katieni matawi mpaka mtu aliyekaa kwenye baiskeli akinyoosha mkono asiguse kitu, ila tawi la mkorosho au mwembe halikatwi bila mwenye mti kushika panga mwenyewe. Kwenye mteremko chimbeni vijifereji vya kukata njia kwa mshazari, kila baada ya hatua kumi mpaka ishirini kutegemea mteremko, maji ya mvua yatoke pembeni yasikimbie katikati ya njia. Msipofanya hivo masika moja tu inawageuzia njia kuwa korongo, na wenye mashamba ya chini ndo wanaoletewa mchanga.

Alama tumetumia mawe yaliyopakwa chokaa, na vibao vya mbao kwenye njia panda. Msipigilie misumari kwenye mti wa mtu. Kwenye kibao jina la kijiji liwe kubwa kuliko jina la njia. Kwetu vibao waliandika wanafunzi wa darasa la sita kwa rangi, herufi moja imeenda juu nyingine chini, na wazazi wao ndo wanaovilinda.

7. Hela ndogo ndogo

Mgeni anasaini kitabu cha wageni ofisi ya kijiji kama mgeni mwingine yeyote, hilo lipo hata bila njia. Kama kijiji kimeamua kuwe na mchango, uamuliwe kwenye mkutano, utolewe risiti ya kijiji, na jumla yake ibandikwe ubaoni kila mwezi hata kama ni shilingi elfu sita. Sisi hatushiki hela ya kijiji. Chai, chakula, malazi, korosho za kukaanga, madafu, mtu analipa moja kwa moja kwa aliyemuuzia. Bei zikubaliwe na wauzaji wenyewe na ziwe zile zile kwa Mtanzania na mgeni wa nje, huu ni msimamo wangu na najua wengine hawakubaliani nao, ila nimeona njia inayoanza kuwahesabu watu kwa rangi inavyowafundisha watoto kukimbilia wageni kuomba hela.

8. Ofisini

Hii ni fupi. Mkipita pembeni ya barabara kuu au ya mkoa ongeeni na TANROADS kuhusu hifadhi ya barabara. Za wilaya na vijijini ni TARURA, ndo wenye hizo toka 2017. Msitu wa hifadhi wa serikali kuu, waoneni TFS, wakala wa misitu. Mikindani na magofu ya Kilwa ni mambo ya kale, msichimbe wala kupaka kitu. Mkitaka kwenda ndani upande wa Liwale na Nachingwea kuna tembo, hapo muulizeni afisa wanyamapori wa wilaya kwanza na mkubali akisema hapana. Nendeni na muhtasari wenye mihuri ya vijiji, mtaona mnavyosikilizwa tofauti na mkienda na ramani tupu.

9. Habari za njia wasimulie wenyewe

Njia ya huku inabeba historia nzito. Mikindani ndo alipoanzia Livingstone safari yake ya mwisho 1866, na wengi wanaishia kwenye hilo, lakini njia hizi za kutoka bara kuja pwani walipitishwa watu wamefungwa minyororo kabla yake na baada yake. Kuna familia ambazo zinajua babu yao alikuja hapo vipi na hawataki iandikwe kwenye kibao. Kaeni na wazee, waulizeni nini kisemwe na nini kibaki kwao, muandike walichokubali tu. Kwetu bibi mmoja alikubali tuandike kuhusu kisima na akakataa kuhusu mti. Kwenye kibao kuna kisima.

10. Baada ya mvua

Kazi ngumu ni mwaka wa pili. Tisheti zimechakaa, waandishi hawaji, na mwezi wa 4 majani yamefika kifuani. Kwahiyo kabla hamjazindua chochote kila kitongoji kiwe na mlinzi wa kipande chake, mtu mmoja aliyechaguliwa na wenzake, mwenye panga na ndoo ya chokaa mliyomnunulia na simu yenye vocha ya kila mwezi. Anapita mara moja kwa mwezi, anapiga picha penye tatizo anatuma kwenye grupu la WhatsApp. Wa kwetu wapo watano kwa hizo kilomita 18, wawili ni wanawake, na mmoja ni mtoto wa yule mzee wa korosho.

Mwezi wa 5 mvua ikishatulia mnatembea kipande chote pamoja nao, polepole, na daftari. Mnaandika kila mfereji uliojaa, kila jiwe lililohama, kila mwenye shamba aliyebadilika, maana mashamba yanauzwa na kurithiwa, na mwenye shamba mpya hajawahi kuombwa. Mnampigia hodi, shikamoo au habari za hapa kutegemea umri, mnakaa, mnamuomba upya kama vile njia haijawahi kuwepo.